Mnaosema "gari dakika 25, basi dakika 50", hesabu zenu ni za uongo

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Kila mtu akiuliza aende kazini kwa usafiri gani, anajibiwa yale yale: gari dakika 25, basi dakika 50, mafuta ya wiki hayapishani sana na nauli, kanunue gari. Hesabu hizi mlifundishwa na nani?

Dakika 25 mnaanza kuhesabu gari likiwa limeshaingia barabarani, mnaacha mkiliona geti la ofisi. Mimi wiki mbili nimewasha saa ya simu nikifunga mlango wa nyumbani, nikaizima nikivuta kiti kazini. Gari: 47. Humo kuna 11 za kuzunguka kutafuta pa kuegesha, halafu natembea kwa miguu kurudi nilikopita. Basi: 58, na nikipata kiti nasinzia. Baiskeli mnayoicheka: 40, kesho yake 41, keshokutwa 40. Foleni haiijui. (Siku ya mvua sikuipanda, siwezi kudanganya kama nyie.)

Pesa ndiyo kabisa! Mnahesabu mafuta tu. Bima je? Matairi? Oili? Maegesho? Na kubwa kuliko zote, gari linashuka thamani hata likilala uani. Kwa kuwa hakuna konda wa kuidai hiyo kila asubuhi, mnaisahau mpaka siku ya kuliuza, ndipo mnapoanza kumlaumu dalali.

Na nyie wenye mabasi msicheke. Mmebandika kituoni "kila dakika 20". Yangekuja hivyo kweli, abiria angesubiri kwa wastani dakika 10. Lakini yanakuja mawili yamefuatana kama kumbikumbi, halafu kimya dakika 40. Hapo wastani ni dakika 20, mara mbili, na idadi ya mabasi ni ile ile! Jana nimesimama mpaka mguu ukafa ganzi. Yakatokea mawili: la mbele watu wananing'inia mlangoni, la nyuma viti vitupu, dereva akalipita lile la mbele akaenda zake. Nilimwona konda ananitazama dirishani.

Kwa hiyo anayekuja tena humu na "gari dakika 25", aambatanishe muda wa kutafuta maegesho na risiti za fundi za mwaka mzima. Hana, apite kimya.