Kijana anaingia jeshini, gari linabaki nyumbani: bima kubwa, bima ndogo au tuivunje?

mama_watatu
Wakuu, habari za leo. Kijana wangu ana miaka 20, anaripoti kambini mwezi ujao. Kuna gari dogo analotumia, bima kubwa bado inaendelea. Nyumbani hakuna wa kuliendesha kila siku. Nimepewa njia tatu: liendelee na bima kubwa (inayolipa hata hasara ya gari letu), tushuke hadi bima ndogo (inayomlipa tu mtu mwingine tuliyemgonga), au tuivunje turudishiwe kilichobaki. Ipi ina nafuu? Naomba majibu ya haraka.

Mkaguzi
Mama, hapo hujatupa pa kuanzia. Kadi ya gari ina jina la nani, na bima je? Lina mkopo? Litalala ndani ya geti au barabarani? Anakwenda miezi mingapi, na bima inaisha lini? Halafu "hakuna wa kuliendesha kila siku" maana yake yupo wa siku mojamoja?

Dalali wa Bima
Wakati tunasubiri: msidanganyike na neno "kurudishiwa". Uliza wanakokotoa vipi. Wakihesabu siku, ukitumia miezi 4 kati ya 12 wanabaki na 33%, wewe unarudishiwa 67%. Wakitumia jedwali la muda mfupi, miezi 4 hiyohiyo inaweza kula nusu ya malipo ya mwaka. Na kama mlishadai fidia ndani ya mwaka huu, mara nyingi hakuna kinachorudi.

Kabla ya kuvunja chochote, omba barua ya historia ya madai. Punguzo la kutodai, lile la kukaa miaka bila kudai fidia, haliishi milele bila bima. Kila kampuni ina muda wake wa kulitambua, na kijana akirudi baada ya muda huo anaanza upya kama dereva mgeni.

Sajini Mstaafu
Kwani kwa nini asiende nalo? Mafunzo ya mwanzo hataruhusiwa, lakini akishapangiwa kituo gari linamfaa kwenda likizo.

Dalali wa Bima
Sajini, akienda nalo, mahali gari linapolala pamebadilika, na hilo lazima kampuni iambiwe, malipo yapande au yashuke. Halafu kambini gari la mmoja ni la bweni zima. Kama mkataba ni wa madereva waliotajwa tu, mwenzake akilichukua kwenda kununua sabuni, gari halina bima.

kijiweni
Na vita je? Bima zote zinakataa vita. Mwanajeshi kwa hiyo hana bima.

Mkaguzi
Acha kupotosha. Kipengele cha vita kinahusu uharibifu unaosababishwa na vita. Hakihusu kazi ya mwenye gari. Gari likiibiwa nyumbani, mwenyewe yuko kwenye gwaride au yuko sokoni, ni wizi uleule.

mama_watatu
Ahsanteni. Kadi na bima vyote ni jina langu. Mimi ndiye nimeandikwa dereva mkuu kwa sababu wakala alisema hivyo ni nafuu, kijana yeye kaandikwa dereva wa ziada. Lakini aliyekuwa analiendesha ni yeye. Atakaa mwaka mmoja au zaidi. Linalala ndani ya geti. Mdogo wake ana leseni ya miezi 3, ataliwasha mara mojamoja.

Mkaguzi
Mama, hapo ndipo penye shida, si kwenye zile njia tatu.

Kumwandika mzazi dereva mkuu wakati kijana ndiye dereva wa kila siku ni taarifa ya uongo. Ajali ikitokea, mkaguzi haanzi na bampa. Anauliza gari hulala wapi, nani hulipeleka gereji, nani hujaza mafuta, odometa ilisoma ngapi siku ya kukata bima na inasoma ngapi leo. Majibu ya mama na ya fundi yakipishana, dai linapunguzwa au linakataliwa. Nchi nyingi sheria inalazimisha kampuni kumlipa aliyegongwa, kisha kampuni inamgeukia mwenye bima airudishe hela hiyo.

Sasa kisa kinachojirudia. Kijana kaondoka, bima imevunjwa kwa sababu "gari halitembei". Mwezi wa tatu tairi zimelegea, mdogo mtu analisukuma mpaka linawaka, analipeleka kujaza upepo mtaa wa pili. Kilomita moja tu. Anamgonga mwenye pikipiki mguu. Bima hakuna, leseni changa, na madai yanakwenda kwa aliyeandikwa kwenye kadi, yaani wewe.

Kwa hiyo rekebisha dereva mkuu kwanza, kwa maandishi. Mdogo mtu atajwe, na uulize ziada ya dereva mchanga, ile sehemu ya hasara mnayobeba wenyewe.

Dalali wa Bima
Naongezea njia ya nne ambayo hukupewa: bima ndogo yenye moto na wizi. Gari lililosimama hatari zake ni hizo mbili. Likiibiwa, kampuni hudai funguo zote mbili, kwa hiyo asiondoke na moja mfukoni. Pia badilisha akaunti ya malipo kama inakatwa kwenye simu yake. Simu ikifungiwa kambini na salio likiisha, bima inakufa kimya.

Spana 13
Bima mmeimaliza, betri je? Gari likiwa limezimwa bado linanyonya, tuseme miliampea 50. Betri ya Ah 45 inakauka kabisa ndani ya siku 37, na kuwaka inakataa mapema zaidi. Ikikaa bila chaji inajenga salfeti, ukoko kwenye sahani zake, na mara nyingi haifufuki. Chomoa waya wa hasi, jaza tairi upepo kidogo zaidi ya kawaida, weka kigingi chini ya tairi badala ya hendibreki, maana breki hugandia kwenye ngoma.

Dalali wa Bima
Ukichomoa betri umezima traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo! Kama traka ni sharti la bima ya wizi, umejivunjia mkataba kwa spana namba 10.

Spana 13
Traka nyingi zina betri yake ya ndani.

Dalali wa Bima
Ya siku chache. Bora chaja ya kutunza betri, au liendeshwe dakika 30 kila wiki mbili na dereva aliyetajwa.

kijiweni
Panya wakila nyaya bima inalipa?

Mkaguzi
Soma vipengele visivyolipwa. Mikataba mingi imewataja panya pamoja na kutu na uchakavu.

mama_watatu
Traka ipo, benki ndiyo iliifunga. Nilisahau kusema, gari lina mkopo, imebaki miezi 7.

Mkaguzi
Mama! Swali la mkopo nimekuuliza kabla ya yote. Fungua mkataba wa benki, angalia kipengele cha bima. Karibu mara zote wanataka bima kubwa mpaka deni liishe, na jina la benki liwe kwenye bima. Usisaini mabadiliko yoyote mpaka uone hapo.

Spana 13
Na hiyo betri ina umri gani?