Naomba ushauri: Je, kakao inafaa kwa mgonjwa aliyepungukiwa damu baada ya sindano za malaria?

Mleta uzi
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume alilazwa kwa malaria kali, akachomwa sindano za artesuneti, kisha akamalizia kwa vidonge vya dawa mseto. Homa imekwisha, lakini kipimo cha damu kilichokuwa kinapanda kimeanza kushuka tena, naye analalamika kuchoka. Jamaa ametushauri tumpe kakao isiyo na sukari asubuhi na jioni, akidai kuwa inalinda chembe nyekundu zisiharibiwe na dawa. Kwa sasa anameza vidonge vya madini ya chuma kwa kikombe hichohicho cha kakao. Je, tuko sahihi?

Mfamasia Mstaafu
Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Niseme kwanza kuhusu hivyo vidonge: visimezwe kwa kakao. Kakao ina polifenoli nyingi, yaani kemikali za asili za mimea, nazo huyanasa madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kakao iliyonywewa pamoja na mkate ilipunguza ufyonzwaji wa chuma cha mlo huo kwa takriban asilimia 71, na chai ya rangi ilizidi hapo. Ameze vidonge kwa maji au maji ya chungwa, na kakao aisogeze mbele kwa saa mbili hivi.

Dada wa Maabara
Naongezea kuhusu damu kushuka homa ikiwa imekwisha, maana ndilo linalonitia wasiwasi. Artesuneti huua vimelea vikiwa ndani ya chembe nyekundu. Chembe hizo zinapopita kwenye wengu, mzoga wa kimelea hung'olewa na chembe yenyewe hurudishwa kwenye mzunguko, ila inabaki na kovu na haiishi muda wake wa kawaida. Zinapopasuka kwa wingi, kwa kawaida kuanzia wiki moja baada ya matibabu hadi mwezi hivi, damu hushuka ghafla. Kwa hiyo sioni namna kakao inavyoweza kuzuia hali hiyo, kwa sababu chembe iliyokwisha kupata kovu haiponyeshwi na kinywaji.

Msomaji Mkimya
Lakini nimesoma kwamba kakao imejaribiwa pamoja na dawa za malaria na ikaonyesha kinga.

Mfamasia Mstaafu
Imejaribiwa kwa wanyama wa maabara, ndugu, waliopewa dawa mseto kwa dozi kubwa hali ya kuwa hawana malaria. Hiyo si hali ya mgonjwa huyu. Pengine jamaa aliyewashauri alichanganya na primakwini, dawa nyingine ya malaria, ambayo huvunja chembe nyekundu za watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinachozilinda chembe hizo, hasa wanaume, kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Hata hapo kinga ni kupima kimeng'enya kabla ya tiba ya siku nyingi; kakao haichukui nafasi ya kipimo hicho.

Mleta uzi
Nashukuru sana. Je, tuiache kabisa?

Dada wa Maabara
Si lazima. Kikombe cha kakao yenye maziwa kingefaa alipokuwa anameza dawa mseto, iwapo ilikuwa ya artemeta na lumefantrini, kwa kuwa lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Sasa ni kiburudisho tu. La haraka ni kumrudisha hospitali leo, apimwe himoglobini (wingi wa damu) na bilirubini (rangi ya manjano itokanayo na chembe nyekundu zilizovunjika), nanyi mtaje waziwazi kwamba alichomwa artesuneti na tarehe aliyoanza, kwani daktari asiyejua hilo anaweza kudhani malaria imerudi. Mtazameni pia mkojo. Ukiwa mweusi kama kahawa, au macho yakigeuka manjano, au moyo ukimwenda mbio akiwa amekaa tu, msingoje hata kupambazuke.

Mleta uzi
Macho yana umanjano kidogo. Tunaondoka naye sasa hivi.