Naomba ushauri: noti za dola zinazokataliwa hotelini

Ndugu zangu, ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Lubumbashi, na kuna kanuni ya malipo inayoninyima raha. Tumeagizwa kukataa noti yoyote ya dola iliyochanika hata kidogo, pamoja na zile za dola 100 za zamani zisizo na utepe wa buluu ulioanza mwaka 2013, ilhali kwa sheria ya Marekani noti zake zote zilizotolewa tangu mwaka 1861 bado ni halali. Kinachoniuma zaidi ni kwamba baa ya hoteli hiyo hiyo huzipokea bila swali, na mgeni akidai chenji tunamrudishia faranga zilizochakaa hadi tarakimu hazisomeki. Juzi mama mmoja kutoka Kolwezi, akiwa na mtoto mgonjwa, alinyimwa chumba usiku kwa sababu ya mpasuko mdogo pembeni mwa noti. Naelewa hofu ya meneja, maana wabadilisha fedha nao huzikataa au huzipunguzia thamani. Lakini si haki kumtwisha mgeni mzigo huo peke yake, tena bila kumwarifu anapoweka nafasi. Je, nimwelezeje meneja bila kuonekana ninampinga? Na ninyi mnaofanya kazi hotelini, mmekubaliana nini na benki zenu?