Saratani ya medulari ya thairoidi: wameandika hatua ya 4A, kalsitonini "imeshuka". Miaka tuihesabuje?

Mtunza Faili:

Wakuu habari. Naomba wenye ujuzi mnisaidie kusoma karatasi za mgonjwa wetu. Ni mama wa miaka 47, havuti sigara, figo zake ziko sawa. Patholojia inasema saratani ya medulari ya thairoidi, uvimbe wa sentimita 2.6. Tezi yote imetolewa pamoja na mitoki (tezi za limfu). Ya katikati ya shingo, 3 kati ya 9 ilikuwa na saratani. Ya ubavuni mwa shingo, kulia, 1 kati ya 14. Mapafu na ini vilikuwa safi kwenye skani ya CT. Hatua: 4A.

Kalsitonini (homoni inayopimwa kwenye damu kufuatilia saratani hii) mwezi wa 3 baada ya upasuaji ilikuwa 84, mwezi wa 9 ikawa 97, mwezi wa 15 (maabara nyingine) 31. CEA (kipimo kingine cha damu cha kufuatilia saratani hii) kwa mpangilio huohuo: 6.1, 6.8, 7.0. Ultrasaundi ya shingo haionyeshi kitu.

Nimesoma kwamba hatua ya 4 wanaofikisha miaka 10 ni asilimia 21 tu. Huyu naye yumo humo? Hiyo 31 maana yake amepona? Mbona hakupewa iodini ya mionzi kama wagonjwa wengine wa thairoidi? Na watoto wake watatu (miaka 6, 14 na 19) wapimwe?

Benchi la Maabara:

Mkuu, msishangilie hiyo 31 kwanza. Angalia kizio kilichoandikwa pembeni ya namba. Kalsitonini hutolewa kwa pg/mL (sawa na ng/L) au kwa pmol/L. Kama zile mbili za mwanzo ni pg/mL na hii ni pmol/L, gawanya 31 kwa 0.292. Jibu ni 106. Yaani haijashuka, imepanda kidogo.

Hata vizio vikifanana, mashine mbili tofauti hazitoi namba moja kwa damu ileile, kwa sababu kingamwili za vitendanishi vyao hazifanani. Ukihama maabara, siku ya kuhama toa sampuli mbili kwa wakati mmoja, moja kila maabara, upate daraja kati ya namba za zamani na mpya. Baada ya hapo usihame tena.

Sampuli yenyewe ni dhaifu. Vimeng'enya vya damu huikata kalsitonini, kwa hiyo chupa iwekwe kwenye barafu, izungushwe kwenye sentrifuji mapema, na seramu igandishwe kama haipimwi siku hiyo. Chupa iliyokaa mezani tangu asubuhi hadi gari la kubebea sampuli lije jioni hutoa namba ya chini ya uongo. Maabara ikiwa inatuma sampuli nje, uliza inasafirije.

Mengine ya kuuliza ni kama anameza omeprazole au dawa za jamii yake, maana hupandisha kalsitonini, na kama anatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi. Bayotini huvuruga baadhi ya mashine na kushusha jibu. Aiache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu.

Mtunza Faili:

Nimeangalia. Ni pmol/L kweli, kwa maandishi madogo. Na omeprazole anameza, alianza mwezi wa 12.

Shingo na Homoni:

Basi tuendelee na 84, 97 na takriban 106, tukijua kwamba hiyo ya tatu ina walakini mara mbili: maabara na omeprazole.

Nianze na asilimia 21, maana ndiyo inayowanyima watu usingizi. Namba hiyo imechanganya hatua ya 4 yote. Kwa saratani ya medulari, mtu huingia 4A hata kwa mtoki mmoja wa ubavuni, uvimbe ukiwa mdogo na mwili mwingine ukiwa safi. 4C ndiyo iliyosambaa hadi ini, mapafu au mifupa. Kuwaweka hawa wawili kapu moja ni takwimu isiyomsaidia mgonjwa yeyote. Ukitaka namba inayomkaribia zaidi, uchambuzi wa daftari la saratani la Marekani, SEER, uliochapishwa 2006 (wagonjwa 1,252) ulionyesha waliofikisha miaka 10 hivi: saratani ikiwa ndani ya tezi tu, asilimia 95.6, ikiwa imefika mitoki au tishu za jirani, 75.5, ikiwa tayari imesambaa mbali, 40. Yeye yuko kundi la kati. Kumbuka pia hao walitibiwa kabla dawa lengwa (zinazolenga hitilafu za seli za saratani) hazijaidhinishwa. Ya kwanza, vandetanib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011.

Lakini mgonjwa akishafanyiwa upasuaji, mimi sitazami hatua sana. Natazama kasi. Swali ni kalsitonini inachukua muda gani kuongezeka maradufu. Ufaransa walifuatilia wagonjwa 65, wakachapisha 2005. Ambao kalsitonini ilijirudufu chini ya miezi 6, waliofika miaka 5 walikuwa asilimia 25 na miaka 10 asilimia 8. Kati ya miezi 6 na miaka 2: asilimia 92 na 37. Zaidi ya miaka 2: wote 41 walikuwa hai utafiti ulipofungwa.

Hesabu inafanyika hata kwa simu yenye kikokotoo chenye kitufe cha ln. Gawanya namba mpya kwa ya zamani, bonyeza ln. Chukua 0.693, igawe kwa jibu hilo, kisha zidisha kwa idadi ya miezi iliyopita kati ya vipimo. Kwa 84 na 97: 97/84 ni 1.155, ln yake 0.144, 0.693 kugawa kwa 0.144 ni 4.8, mara miezi 6 unapata kama miezi 29. Ukitumia 84 na 106 kwa miezi 12 unapata kama 36. CEA kutoka 6.1 hadi 7.0 inatoa miezi 60. Zote zimevuka mstari wa miezi 24, na zinaelekea upande mmoja. Ila msizigandishe ukutani: namba tatu ni chache. Nne au zaidi, maabara moja, ndiyo zinaaminika.

CEA isipuuzwe. Ikianza kupanda kwa kasi huku kalsitonini imetulia au inashuka, si habari njema. Mara nyingi ni dalili kwamba seli zimebadilika na kuwa kali zaidi, hazitengenezi tena homoni yake.

Je, amepona? Kimaabara hapana. Kuna seli zimebaki mahali. Lakini kubaki na kalsitonini si sawa na kufa karibuni. Mayo Clinic mwaka 1990 waliripoti wagonjwa 31 wa aina hiyohiyo, kalsitonini juu, picha safi. Waliofika miaka 10 walikuwa asilimia 86.

Iodini ya mionzi haimsaidii kwa sababu saratani hii haitoki kwenye seli zinazonyonya iodini. Inatoka kwenye seli C, zinazotengeneza kalsitonini. Kwa sababu hiyohiyo kipimo cha thairoglobulini (protini inayofuatiliwa kwenye saratani nyingine za thairoidi) hakina kazi hapa, na hakuna sababu ya kuishusha TSH (homoni inayoisukuma thairoidi kufanya kazi) hadi chini kabisa. Hili hukosewa sana: mgonjwa hupewa levothairoksini (homoni ya thairoidi ya vidonge) nyingi kama wa saratani ya papilari, ile ya kawaida zaidi ya thairoidi, matokeo yake moyo kwenda mbio na mifupa kulika bila faida. Dozi ya kuanzia ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, TSH ikae ndani ya kawaida. Ameze kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, na vidonge vya kalsiamu au vya damu vikae mbali kwa saa 4. Omeprazole nayo hupunguza ufyonzwaji wa levothairoksini, kwa hiyo TSH yake ipimwe tena.

Ufuatiliaji: kalsitonini, CEA na ultrasaundi ya shingo kila miezi 6. Kalsitonini ikiwa chini ya 150 pg/mL, kilichobaki kwa kawaida kiko shingoni, na kuzunguka na skani za mwili mzima ni kutupa fedha na kula mionzi. Ikivuka 150 ndipo CT ya kifua, MRI ya ini, na MRI ya uti wa mgongo na nyonga. Ini lina ujanja wake: mbegu za saratani ndani yake huwa ndogo kama punje za mchanga na skani ya kawaida huzipita, hivyo ombeni MRI yenye dawa ya kung'arisha.

Mshauri wa Jeni:

Kuhusu watoto: msianze na watoto, anzeni na mama. Kama robo ya saratani hizi ni za kurithi, kutokana na hitilafu kwenye jeni ya RET, na hata asiye na historia katika ukoo anaweza kuwa nayo. Apimwe damu (si uvimbe). Akiwa hana, watoto hawahitaji kipimo chochote. Akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, na hapo hamna kusubiri: hitilafu za kodoni 634 (sehemu mojawapo ya jeni hiyo), kwa mfano, mwongozo wa Marekani wa 2015 unataka tezi itolewe ifikapo miaka 5. Wa miaka 6 atakuwa amechelewa tayari.

Tena, hitilafu ya RET ikikutwa, yeyote kati yao asipelekwe chumba cha upasuaji, hata kwa jambo lingine, kabla ya kupimwa metanefrini (mabaki ya homoni za tezi ya adrenali) kwenye damu au mkojo wa saa 24. Uvimbe wa tezi ya adrenali usiojulikana unaweza kulipua shinikizo la damu wakati wa nusukaputi na kuua mezani.

Mtunza Faili:

Asanteni sana. Swali la mwisho: kwa nini asianze dawa mapema, hizi za RET?

Dawa Lengwa:

Kwa sababu hakuna cha kupima kama inafanya kazi, na madhara yanaanza siku ya kwanza. Kalsitonini peke yake si sababu ya kuanza. Dawa huanza pale uvimbe unaoonekana kwenye picha unapokua, au dalili kama kuhara kusikoisha au maumivu ya mifupa zinapomshinda. Kuhara kwenyewe, hata kabla ya hapo, loperamide husaidia wengi.

Siku ikifika, selpercatinib ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa wenye hitilafu ya RET. Katika jaribio lililochapishwa 2023, baada ya miezi 12 asilimia 86.8 walikuwa hai bila ugonjwa kusonga, dhidi ya 65.7 kwa waliopewa cabozantinib au vandetanib. Dozi ni miligramu 160 mara mbili kwa siku kwa mwenye kilo 50 au zaidi, 120 kwa aliye chini ya hapo. Shinikizo la damu, vimeng'enya vya ini na ECG vifuatiliwe. Omeprazole inaipunguza nguvu; kama haiepukiki, selpercatinib iliwe pamoja na chakula.

Ili aje kuipata lazima ijulikane kama uvimbe wenyewe una hitilafu ya RET, hata kama damu haina. Kwa hiyo nendeni patholojia sasa mkahakikishe vipande vya uvimbe wake vilivyo kwenye nta ya parafini vimehifadhiwa na namba yake mnayo. Ulizeni pia vilikaa kwenye faomalini (dawa ya kuhifadhia) muda gani: saa 6 hadi 72 ni sawa, vikikaa zaidi DNA hukatika na kipimo hugoma.

Benchi la Maabara:

Na hiyo omeprazole, daktari wake akikubali, aiache wiki mbili hivi kabla ya damu ya mwezi wa 21. Akikataa, andikeni kwenye fomu kwamba anaitumia, na aitumie vilevile kila anapopimwa.