AC baridi Mbeya, tukifika Ruaha Mbuyuni inapuliza joto

Mama Uyole
Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada, nimechoka kubahatisha. Nina gari dogo la mwaka 2005, injini ya cc 1500. Kila baada ya miezi mitatu nampeleka mama kliniki Dar. Ana miaka 74, joto linamtesa na miguu inamvimba.

Hapa Uyole AC inagandisha. Iringa safi. Tukishuka Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni, inaanza kutoa hewa ya uvuguvugu. Gari likikimbia inarudi kidogo, likisimama inakata kabisa. Safari iliyopita, wakati wa kurudi, tulikaa nyuma ya semi lililokwama kwenye kona za Kitonga karibu saa nzima. Mama alilowa jasho mpaka kilemba, nikawa nampepea kwa bahasha ya kliniki.

Fundi hapa mjini ameshaongeza gesi mara mbili, zote asubuhi na mapema. Anaweka geji, anasema imepungua. Baada ya mara ya pili ndiyo imezidi kuwa mbaya. Je, kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, imekufa?

Fundi Baridi, Mafiati
Pole dada, na mama mpe pole. Kompresa iliyokufa haiwezi kugandisha Uyole. Usinunue nyingine.

Washa gari, washa AC, fungua boneti usikilize. Klachi inayoiunganisha kompresa na injini ikilia "ta", feni ya kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, inatakiwa ianze kuzunguka. Naamini yako imelala au inazunguka kivivu. Barabarani upepo unaifanyia kazi yake, ndiyo maana unapata nafuu. Ukisimama, gesi haina pa kutolea joto, presha inapanda, swichi ya presha inakata kompresa isiharibike. Huku kwetu baridi inauficha ubovu huo.

Hilo la gesi ndilo linaloniuma. Presha ya R134a, gesi ya AC yako, inafuata joto la hewa. Gari likiwa limezimwa, kwenye nyuzi 15 geji inasoma chini kidogo ya psi 60. Kwenye nyuzi 30 inakaribia 100, gesi ni ileile. Mtu akipima alfajiri ya Mbeya kwa kipimo cha Dar, ataona pungufu na ataongeza. Ikizidi, kule bondeni presha inapanda kwa sababu mbili: feni na gesi. Gesi ya gari inapimwa kwa mzani. Chini ya boneti kuna kibandiko chenye idadi ya gramu. Mwambie fundi aitoe yote, avute vakyumu, yaani anyonye hewa yote kwa pampu, nusu saa, arudishe gramu hizo tu.

Dereva wa Chimala
Mama, shikamoo. Mimi napita njia hiyo kila wiki. Ukiwa Ruaha Mbuyuni ikianza kupuliza joto, paki pembeni, acha gari linaunguruma, mwagia kondensa chupa mbili za maji kupitia grili ya mbele. Baridi ikirudi papo hapo, ujue tatizo ni feni au kondensa imeziba vumbi. Kwenye kona za Kitonga usijaribu, hapana nafasi.

Mama Uyole
Marahaba mwanangu. Fundi, nimeangalia leo. Klachi inalia, feni ya kushoto, ya kondensa, haizunguki hata kidogo. Nianzie wapi?

Fundi Baridi, Mafiati
Fyuzi kwanza. Halafu badilisha relei yake, ile swichi ndogo inayoipa feni umeme, na nyingine yenye namba ileile humohumo kwenye boksi. Ikigoma, fundi umeme aipe feni umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isipozunguka, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimeisha. Vidole mbali, inaweza kushtuka ghafla.

Mama Uyole
Narudi na majibu. Relei nzima, mota ndiyo ilikuwa na kaboni zilizolika mpaka springi zinaonekana. Tumeweka mota nyingine, kondensa ikaoshwa kwa maji ya taratibu, ilikuwa imeshika manyoya ya majani na tope jekundu. Gesi tulipoitoa na kuipima ilikutwa gramu 640. Kibandiko kinasema 450.

Juzi tumerudi kutoka Dar. Kitonga foleni kama kawaida, malori mbele na nyuma, dakika 40. Nikasikia mama anavuta khanga anajifunika magoti, akaniuliza kama naweza kupunguza. Nikapunguza.