Baba anasema azikwe Berlin, ami zangu wanataka arudishwe Unguja. Naombeni ushauri

BintiMkunazini:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba alikuja Ujerumani Mashariki kusoma mwishoni mwa miaka ya sitini, enzi zile Wajerumani wale wanatusaidia kujenga majumba ya Michenzani. Akaoa, akazaa, akabaki. Sasa ana miaka 82 na moyo umechoka.

Wiki iliyopita kanikalisha jikoni: "Mwanangu, nizikeni hapahapa. Kwetu nani atakuja kunisomea Yasini? Wajukuu wangu wako huku." Nimewapigia ami zangu, wamekuja juu. Wanasema ndugu yao hazikwi ndani ya sanduku, halafu baada ya miaka 20 kaburi apewe mwengine. Hilo la miaka 20 limeninyima usingizi. Ni kweli? Waliowahi kuzika huku naombeni mniambie.

MzeeWaNeukölln:
Waalaykum salaam mwanangu. Tulimzika rafiki yangu kwenye makaburi ya Gatow, hapahapa Berlin, mwezi wa Januari. Berlin ililegeza sheria mwaka 2010, Muislamu anazikwa na sanda yake tu. Sanduku ni la kumfikisha kaburini, kama jeneza letu la msikitini. Tuliingia wawili, tukampokea mikononi, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, tukapanga mbao. Udongo ulikuwa umeganda kwa baridi, ikabidi tuuponde kwa koleo kwanza ili madonge yasimwangukie. Kwetu Unguja kibla ni kaskazini, pale tulimuelekeza kusini-mashariki. Columbiadamm, kwenye makaburi ya Waturuki ya tangu 1866, usipategemee. Pamejaa.

UmmSalma:
Dada, miaka 20 ni kweli. Huku makaburi si wakfu, mnakodi. Lakini uliza ni kaburi la aina gani! Lipo la safu, unapewa linalofuata kwenye mstari, na muda wake ukiisha hauongezwi. Lipo la kuchagua mwenyewe, ni ghali zaidi, ila hilo mnaweza kulilipia tena na tena, hata wanao baada yako. Sisi tulikuwa na msiba na haraka, hatukuuliza. Mama yangu yuko kwenye la safu. Kila nikienda nahesabu miaka iliyobaki.

PwaniHalisi:
Mimi nasema mrudisheni. Kaka yangu tulimrudisha, tukangoja siku tisa, vibali na sanduku la zinki, lakini mtaa mzima ulimzika. Huko atazikwa na watu kumi.

Maalim_K:
Ndugu yangu PwaniHalisi, pole kwa kaka yako. Lakini siku tisa ni nyingi kwa maiti. Wengi katika maulamaa wetu wa Kishafii wamekataza kumhamisha maiti, isipokuwa akiwa karibu na Makka, Madina au Baitul Maqdis. Na ami zako, binti yangu, waambie hivi: maiti akishakuwa udongo kabisa, fiqhi yetu inaruhusu kuzikwa mwengine hapo. Mzee aandike wasia kwa Kijerumani, atie saini. Kisha awapigie nduguze mwenyewe, usiubebe mzigo huu peke yako.

BintiMkunazini:
Allah awalipe kheri nyote. Baba kampigia ami mkubwa jana usiku. Walizungumza saa nzima, mlango umefungwa. Wasia tunaandika, na kaburi litakuwa la kuchagua. Jumamosi nampeleka Gatow akapaone. UmmSalma, mama yako naye yuko huko? Kama hutojali niambie yuko upande gani, baba anataka kumsomea Fatiha.