Nimeombwa kuwa msaidizi wa skauti, sijui hata fundo moja

SindanoNaUzi (Karatina)
Hamjambo. Mimi ni fundi cherehani. Mwezi uliopita mwalimu wa skauti katika shule ya binti yangu aliniletea kitambaa nimshonee skafu 32. Nilipozipeleka, mtoto mmoja akaninyoshea mkono wa kushoto. Nikakunja uso, kumbe ndiyo salamu yao! Mwalimu akacheka, kisha akaniambia, "Mama, mbona usije kunisaidia? Wasichana ni 14 na mtu mzima ni mimi peke yangu."

Sijawahi kuwa skauti. Fundo ninalolijua ni la uzi. Februari wanakwenda Nyeri kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na mwalimu anataka niwe nimeshazoea. Msaidizi hufanya nini hasa? Nisije nikawa wa kubeba sufuria tu.

Babu_wa_Kamba
Dada, sufuria utabeba, usijidanganye. Nimekuwa msaidizi miaka 11, mshahara hakuna na nauli mara nyingi hutoka mfukoni mwangu. Ila kilichonishinda mwanzoni ni kunyamaza.

Kambi yangu ya kwanza, mvua ilitukuta jioni. Patroli moja, yaani kikundi kidogo, ya Chipukizi (skauti wa umri wa kati) ilikuwa inahangaika na kuni mbichi, moshi umewajaa machoni, na kiongozi wao, msichana wa miaka 13, anapuliza huku analia. Nikamnyang'anya mwiko. Haukupita muda ugali ukaiva, nami nikajiona shujaa. Kiongozi wa kundi akaniita pembeni akaniuliza, "Kesho atapika nani?" Sikumwelewa. Asubuhi yule msichana hakugusa kuni. Alikuja akasimama mbele ya hema langu, ananisubiri.

Siku hizi mikono naiweka nyuma. Ndivyo uskauti ulivyoanza: kwenye ile kambi ya kwanza ya Baden-Powell, kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, wavulana waligawanywa patroli nne, kila moja na kiongozi wake mvulana. Wewe mwelekeze kiongozi wa patroli, yeye awaelekeze wenzake. Ugali ukiwa mbichi, wale mbichi, na wewe ule nao. Ila moto ukitambaa, kisu kikichezewa au mtu akikaribia mto, hapo usingoje mtu akuruhusu.

Mafundo waombe wao wakufundishe. Utaona watakavyojidai.

Nesi_wa_Zamu
Napingana kidogo na mzee wangu hapo juu. Mchana nyamaza, lakini vichwa uhesabu wewe. Mara moja tukitoka kambini tulipata 28 badala ya 29. Roho ilinitoka! Mtoto alikuwa amelala chini ya kiti, nyuma kabisa, kajifunika mkeka. Tangu hapo nahesabu kabla basi halijaondoka na kila linaposimama, hata kama ni kujaza mafuta tu.

Halafu mwalimu hakukutafuta kwa ajili ya skafu. Mtu mzima hatakiwi kubaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, hata awe mwema namna gani. Wewe ukiwepo, watoto wana usalama na mwalimu naye ana shahidi. Na msichana akianza hedhi kambini saa nne usiku, atamwambia nani? Mwalimu? Beba pedi. Jua mapema nani ana pumu na dawa yake iko kwenye begi gani.

Michango ya wazazi usipokee kwenye simu yako. Ukilazimika, andika siku hiyo hiyo, na risiti weka hata ya kiberiti. Nimeshaitwa mwizi kwa sababu ya mia mbili.

Mwamba_wa_Zamani
Mwambie mwalimu akuulizie kozi ya viongozi. Hiyo ya shanga mbili za mti shingoni ilianza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, na hadi leo watu wazima wanaisomea.

Mkifika Nyeri, tazama kwenye jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati. Ni alama ambayo skauti huwaachia wenzao njiani, maana yake "nimekwenda nyumbani". Usiwaeleze watoto. Ngoja uone nani ataisoma kwanza.

SindanoNaUzi
Asanteni sana. Mzee, hilo la mwiko limenichoma. Juzi nilimvua binti yangu skafu mbele ya wenzake nikamfunga upya kwa sababu ilikuwa imepinda. Kaninunia hadi nyumbani, nikadhani ni njaa.

Nesi, daftari nimenunua, pedi nimeweka. Jumamosi naenda. Sasa kofia yao nayo ni lazima, au kitambaa changu cha kichwani kinatosha?

Babu_wa_Kamba
Kinatosha. Gambuti ndizo usisahau.